Kikombe cha Thelathini na Moja

Nyinyi wa gredi ya kumi, acheni kucheka, mimi nimestaafu. Nilistaafu Ijumaa iliyopita saa tisa unusu, nikiwa na miaka kumi na saba na meno yangu yote, na hakuna aliyeniletea hata andazi. Mwalimu Githinji, mlezi wa Klabu ya Afya, alitangaza kwamba watahiniwa wote waachie vyeo wakasome. Akachukua ufunguo wa kabati, akanishika mkono kama mtu anayetoa pole, akasema, "Nyawira, umehudumia umma."

Nikamwuliza, "Na pensheni, mwalimu?"

Akaniambia niende maktaba.

Sasa ameniagiza niwaandikie ripoti ya kukabidhi kazi, yenye vichwa vitatu: Malengo, Mafanikio na Changamoto. Nimejaribu jioni tatu. Shida yangu ni kwamba mafanikio yangu makubwa yalitoka kwa kosa, na kosa langu kubwa nililifanya nikifuata maagizo neno kwa neno. Sijui niyaandike chini ya kichwa kipi. Kwa hivyo nitawasimulia tu vile ilikuwa, nyinyi wenye akili za mtaala mpya mtajua pa kuyaweka.

Kwanza, megafoni. Mtaikuta kabatini, rafu ya chini, chini ya mabango. Msiipende. Sisi tuliipenda sana. Siku yetu ya kwanza ya kuhamasisha umma tulienda sokoni Gatitu, naibu wangu Munene akapanda juu ya kreti ya soda akaanza kupiga kelele kuhusu kunawa mikono. Alinguruma hadi sauti ikamwishia. Mama mmoja aliyekuwa akipanga kabeji akamtazama, akamtazama tena, akauliza kwa upole kabisa, "Kijana, na hiyo maji ya kunawa umekuja nayo?"

Hatukuwa nayo. Bomba la soko lilikuwa limekauka wiki nzima na kila mtu pale alijua isipokuwa sisi. Tulishuka kwenye kreti. Kuanzia siku hiyo, klabu haitoki bila mtungi wa lita ishirini, na mwenye mtungi ndiye anayetangulia, mwenye maneno anakuja nyuma. Hilo ni moja kati ya mambo mawili ninayoyajua kwa hakika. La pili ni kwamba ukikaribishwa chai kwa watu, unakunywa, hata kama umebakisha nyumba kumi na mbili na kibofu chako kinalia. Mengine yote bado yananichanganya.

Linalonichanganya kuliko yote ni hili la Ng'ambo.

Ng'ambo mnaijua. Ukisimama nyuma ya maabara unaiona, zile nyumba za mabati upande wa pili wa kijito, mipira yetu yote ya voliboli imehamia huko. Cucu yangu anaishi huko, mama yake mama yangu. Mimi nimeitwa jina lake, kwa hivyo yeye akinigombeza huwa anajigombeza mwenyewe, na hilo halijawahi kumzuia. Anamlea binamu yangu Mureithi, ambaye wakati wa mambo haya alikuwa na mwaka mmoja na nusu, mashavu kama mandazi mawili, kwa sababu mama yake Mureithi anafanya kazi hotelini Kenol na huja mwisho wa mwezi.

Mwaka jana surua iliingia Ng'ambo. Mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwa Cucu alilazwa hospitalini. Mimi niliposikia surua nilifikiri ni ule ugonjwa wa vipele, unapakwa dawa ya waridi, unakosa shule, raha tupu. Sista Kagendo, muuguzi wa dispensari, akanitoa ujinga. Sista ni mtu wa Chuka, mrefu, huongea haraka kama anayekimbizwa. Alikuja kwa klabu akatuambia surua inaua watoto wadogo, na wasipokufa inaweza kuwaachia masikio au macho yaliyoharibika. Akasema ataleta chanjo Ng'ambo, watoto wote walio chini ya miaka mitano, awe mtoto alishachanjwa au hakuchanjwa.

"Lakini lazima nijue idadi," akasema. "Chupa moja ni ya watoto kumi. Nikishaichanganya, inafaa itumike kwa masaa sita, ikibaki namwaga. Nikiitisha nyingi wananiuliza kwa nini namwaga. Nikiitisha kidogo, mtoto anarudi nyumbani bila. Nyinyi mnatoka huku. Nileteeni orodha. Muulize mwenye nyumba, na muandike vile amesema. Msinitungie."

Vile amesema. Kumbukeni hayo maneno.

Jumamosi tukavuka daraja la mbao, mimi na kalamu, Munene na fomu, tumevaa yunifomu ili tuonekane serikali. Nyumba nyingi mama hawakuwepo, walikuwa wameenda kuchuma chai upande wa Othaya. Waliobaki ni akina cucu.

"Cucu, hapa kuna watoto wangapi walio chini ya miaka mitano?"

"Wako."

"Ni wangapi?"

"Ni wale Mungu alitupea."

"Na Mungu aliwapea wangapi?"

"Kwani wewe ni wa nani?"

Nyumba ya pili tukaambiwa wametosha. Nyumba ya tatu, mzee mmoja alikuwa akinoa kisu cha kukatia majani ya ng'ombe. Akauliza, "Mnahesabu ya nini, ni kura?"

"Hapana guka, ni surua."

"Basi andika surua."

Nyumba ya nne kulikuwa na watoto watatu wanaburutana ndani ya mtungi uliokatwa katikati. Munene akanong'ona, "Naona watatu." Tukamwuliza mwenye nyumba. "Hao? Hao ni wa jirani." Tukaenda kwa jirani. "Hao ni wa pale mmetoka." Nawaapia, kufikia saa saba mchana watoto wa Ng'ambo walikuwa hawana wenyewe. Wanakimbia kila mahali, wanakohoa, wanatupiga mawe madogo, na hakuna mtu hata mmoja aliyewazaa.

Kwa Cucu yangu nilifika nikiwa nimechoka. Mureithi alikuwa amekaa miguuni pake anakula udongo.

"Cucu, hapa kuna watoto wangapi?"

Akanitazama kama mkulima anayetazama mbegu iliyokataa kuota. "Mureithi si unamwona? Unaniuliza nini?"

"Lazima useme wewe. Sema moja."

"Siwezi."

"Cucu, ni neno moja!"

"Kunywa chai."

Nikanywa chai. Na kwa sababu mimi ni kiongozi mwadilifu, nisiyependelea jamaa zangu, nikafanya kwa Cucu kile nilichofanya kwa wengine wote waliokataa kutaja nambari. Nikaweka kistari.

Munene ndiye aliyejumlisha, na kistari kwake ni sifuri. Ng'ambo nzima ikapata watoto tisa, wa zile nyumba chache zilizotaja nambari. Niliitazama ile tisa nikahisi kitu kinanikuna kichwani. Nikafikiri ni chawa. Sasa najua ilikuwa akili ikijaribu kuingia. Lakini tuliambiwa tuandike vile wamesema, na walisema tisa. Nikapeleka.

Sista akaitazama orodha, akasema, "Wachache hivi?" Mimi nikasema, "Ndiyo hao, Sista." Kwa sauti ya mwenyekiti.

Alhamisi ya chanjo, meza ikawekwa kwenye uwanja wa kanisa. Sista akafungua kisanduku chake cha baridi, chupa moja. Tulijiandaa kubembeleza watu waje. Munene alikuwa hata amechaji megafoni. Hatukuhitaji. Walikuja. Walitoka kila mlango na kila shamba la kahawa, watoto mgongoni, watoto mkononi, watoto wanaburutwa wakipiga mayowe. Nilisimama pale mdomo wazi. Hawa watu walikataa kuniambia kama wana watoto, sasa wamewaleta wote kabla ya saa nne asubuhi! Nielezeni nyinyi.

Cucu alifika wa kwanza. Lakini kila alipokuja mama mwenye mtoto anayelia, Cucu alimpisha. "Pita, huyu wangu ametulia." Alipisha huyu, akapisha yule. Sista akachanja, akachanja, na Cucu alipofika mezani akakunja mkono wa sweta ya Mureithi, Sista akainua chupa kwenye mwanga, akaiteremsha.

"Imeisha, cucu."

Nyuma yake foleni ilikuwa imefika barabarani. Mama mmoja akapaza sauti, "Ati imeisha? Mlituita mtuonyeshe sindano?" Mwingine akasema, "Mimi nimewacha kazi ya siku." Sista akajaribu kueleza mambo ya orodha, lakini ni nani anataka orodha. Cucu alikunjua sweta ya Mureithi polepole, akamfunga mgongoni, akaondoka.

Sista akaniuliza, "Huyo mtoto ni wenu?"

"Ni binamu yangu."

"Kwa orodha yuko?"

Nikatafuta. Nilijua nitakachokikuta lakini nikatafuta tu, kidole kikitembea juu ya karatasi. Kistari.

Nimewahi kupata sifuri ya hesabu mbele ya darasa zima, na nikainama nikashukuru kama msanii jukwaani. Siku hiyo sikuwa na utani hata wa kukopa. Nyumba ya tatu kutoka kwa Cucu kulikuwa na surua, na mimi mwenyewe, kwa kalamu yangu ya bluu, nilikuwa nimeandika kwamba Mureithi hayupo duniani.

Nilivuka daraja siku iliyofuata baada ya shule. Nilimkuta Cucu akichambua maharagwe ya njahi kwenye uteo. Nikakaa chini nikaanza kumsaidia, kwa sababu mikono ikiwa na kazi mtu hatazamwi sana usoni.

"Cucu, kwa nini hukusema tu moja?"

"Nani alikufundisha kuhesabu watu?"

"Shule."

"Mbuzi za kuuzwa Nanyuki ndizo huhesabiwa, mbele ya mnunuzi. Mtoto ukimhesabu unamwambia kifo achague."

"Cucu, hiyo si sayansi."

"Nimesema ni sayansi?"

"Lakini ulikuja na Mureithi adungwe."

"Eee. Kudungwa ni kuzuri."

"Sasa unaamini sindano au unaamini mambo ya kuhesabu?"

Akaniangalia kwa huruma, vile mtu huangalia kuku aliyesimama kwenye mvua. "Kwani iko mahali imeandikwa nichague?"

Mpaka leo natafuta jibu la hilo swali. Kama Mwalimu Githinji atalitia kwenye mtihani, nitaacha nafasi.

Tukachambua. Baadaye nikasema, karibu nilie, "Sista lazima ajue alete chupa ngapi. Nisipompa idadi, Mureithi hadungwi. Nisipohesabu watoto, nitahesabu nini?"

"Vikombe," akasema Cucu, kama mtu anayemwonyesha mwingine miwani iliyo juu ya paji lake. "Mimi nitapika uji. Ambia kila nyumba ilete kikombe cha kila mtoto ambaye hajadungwa. Kikombe hata wewe unaweza kuhesabu, hakifi."

Nikamkimbilia Sista. Nilitarajia anifukuze. Akajipiga paji la uso. "Hata kwetu Chuka nyanya yangu alikuwa hivyo hivyo. Hakuwahi kusema ako na wajukuu wangapi. Nilisahauje?" Halafu akashika kalamu, akasita. "Sasa kwa fomu niandike nini? Vikombe?"

"Andika vile wamesema, Sista."

Alinitazama vibaya, lakini aliandika.

Zamu hii hatukuvaa yunifomu wala kubeba kalamu. Mimi nilipita nyumba kwa nyumba nikianza na pole. "Pole kwa ile siku. Orodha ilikuwa yangu, si ya Sista." Hilo nililiongeza mwenyewe, Cucu hakuniambia, na lilikuwa gumu kulitamka kuliko mashairi ya kukariri. Yule mama wa kazi ya siku alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sawa. Lakini mkituita tena bure, mtachanja ng'ombe." Kisha akaingia ndani akatoka na vikombe viwili.

Ni wale wale, nawaambia. Yule wa "Mungu alitupea" alileta vinne, bila kuulizwa mara mbili. Mzee wa kisu alileta kimoja kilichokwaruzwa jina kwa msumari. Wale watoto watatu wa mtungi uliokatwa, ambao hawakuwa na wenyewe, ghafla walikuwa na vikombe vitatu vya plastiki vya rangi moja, kumaanisha walikuwa wa nyumba moja siku zote! Vyote tukavipanga mezani kwa Cucu. Vya bati, vya plastiki, kimoja cha bluu cha zamani, kizito, kimechubuka ukingoni. Munene akahesabu kwa sauti kubwa na hakuna aliyenuna.

Thelathini na moja.

Akarudia. Thelathini na moja. "Ingekuwa thelathini tungeitisha chupa tatu, safi kabisa," akasema. "Hiki kimoja kinatuharibia. Nne, moja imwagwe karibu yote."

"Andika vile vimesema," nikamwambia. Chupa nne.

Jumamosi tukarudi uwanja wa kanisa. Cucu alikuwa na sufuria kubwa ya uji wa wimbi uliochachuka, ule unaokukunja uso kisha unauomba tena. Watoto wanalia mezani kwa Sista, wanatembea hatua sita, wanapewa kikombe, wananyamaza. Sikuhitaji megafoni hata kidogo. Na Cucu akaanza tena tabia yake. "Pita, pita, huyu wangu ametulia." Nikamfuata nikamnong'oneza, "Cucu, nakuomba, leo usipishe mtu." Akapisha wawili zaidi.

Sista alifungua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo, Mungu anisamehe, na Cucu asinisikie. Wa ishirini na nane. Wa ishirini na tisa. Mureithi akawa wa thelathini, tone la mwisho la chupa ya tatu. Alilia kama amenyang'anywa shamba. Mimi nilienda nyuma ya kanisa kidogo, kulikuwa na vumbi.

Niliporudi Sista alikuwa akifunga kisanduku. "Watoto thelathini, vikombe thelathini na moja," akasema. "Mmeongeza moja, lakini si mbaya. Hii ya nne sijaichanganya, inarudi."

Ndipo pikapu ikasimama barabarani. Wakashuka wanawake waliokuwa Othaya wiki mbili, wakichuma chai na kulala huko huko kwa watu wao. Nyumba zao zilikuwa zimefungwa tulipokusanya vikombe, hatukujua hata kama wana watoto. Walikuwa na watano. Mmoja akauliza, akiwa tayari amekata tamaa, "Imeisha?"

Sista akafungua kisanduku tena. Akaichanganya chupa ya nne mbele yangu, akawaita watoto mmoja mmoja.

Hapo ndipo nachanganyikiwa kabisa. Nilipohesabu kwa kufuata maagizo, watoto walirudi nyumbani bila sindano. Nilipokosea kwa kikombe kimoja, wakatosha. Hao watano hawakuwa kwenye kikombe hicho, hicho hakikuwa chao. Sasa kilikuwa cha nani?

Kilibaki mezani, kile cha bluu. Kimejazwa uji tangu asubuhi na hakuna mtoto aliyekidai.

"Hiki ni cha nani?" nikauliza.

"Labda cha Sista," Munene akasema.

Cucu akasema, "Nipe." Akakishika kwa mikono miwili, akakaa nacho kidogo. Kisha akamwita msichana mdogo aliyeshuka kwa pikapu, aliyekuwa bado anafuta machozi na hana kikombe, akampa. Yule mtoto akakunywa wote, akakunja uso, akaomba mwingine. Cucu akamwongeza.

Jioni, nikiosha vikombe na mama yangu, nikamwuliza kuhusu kile cha bluu. Mama alisugua sufuria muda mrefu. Akaniambia kabla yeye hajazaliwa Cucu alikuwa na msichana mwingine, Gathoni, wa kwanza wake. Alikuwa na miaka mitatu surua ilipomchukua. Sindano ilikuwa haijafika Ng'ambo, au ilikuwa imefika na haikuwatosha, mama hajui vizuri kwa sababu Cucu hajawahi kumaliza hiyo hadithi. Kikombe kilikuwa chake. Nilipopita nyumba kwa nyumba nilimwomba hata yeye kikombe cha kila mtoto ambaye hajadungwa, naye akajibu vile aliulizwa.

Mwalimu Githinji aliandika kwenye cheti changu "uongozi bora katika afya ya jamii". Nimekiweka chini ya godoro. Sijui kama niliongoza au nilifuata sufuria ya uji. Sijui kama ni lazima umma uelewe sayansi kwanza au sayansi ndiyo ijifunze kuomba kikombe. Mkipata jibu, nipo maktaba, meza ya nyuma, nimestaafu lakini silali sana.

Kabatini nimewaachia mtungi wa lita ishirini, unavuja kidogo kwenye mfuniko, na megafoni isiyo na betri, nimezitoa makusudi. Fomu ya Ng'ambo iko kwenye faili ya kijani. Kikombe cha bluu hakimo, msikitafute. Kiko kwa Cucu, kimetundikwa msumarini karibu na mlango, na Mureithi haruhusiwi kukigusa, ingawa anajaribu kila siku kwa afya tele.

Siku moja mtatumwa kuhesabu tena. Mtaenda, mtakunywa chai, mtaomba vikombe. Kimoja kikizidi, msikirudishe.